Maswali ya Wasomaji: Mafungo ya Wazee wa Kanisa

Barua tulizochagua mwezi huu zimeandikwa na watu wasiofahamiana, wa madhehebu na mikoa tofauti, lakini zote zinahusu mafungo ya mwisho wa juma ambayo makanisa mengi huwaandalia wazee wa kanisa, wainjilisti na viongozi wa vikundi ili wafundishwe na kutiwa moyo. Anayejibu ni mchungaji mstaafu, mwandishi wa kudumu wa safu hii. Majina ya waandishi na ya sharika zao tumeyaacha kwa makusudi.

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni katibu wa usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wenye mitaa 6. Baada ya uchaguzi tumepata wazee wengi wapya, na baraza limeamua kwamba wazee na wainjilisti wote, jumla watu 34, waende mafungo kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Kamati imeandaa masomo 9, yakiwemo wajibu wa mzee wa kanisa, uwakili wa mali ya Mungu, utunzaji wa fedha, ushauri wa ndoa, mafundisho potofu na hata sheria ya ardhi, na kila somo limepewa saa moja na nusu. Mchungaji wetu anaona ratiba imebana mno, lakini kamati inasema watu wakishasafirishwa na kulishwa ni lazima warudi na kitu cha kutosha. Tushike lipi? *(Katibu wa usharika, Iringa)*

Jibu: Amina, Katibu wangu. Mimi nipo upande wa mchungaji wenu, na nitaanza na hesabu. Masomo 9 ya saa moja na nusu ni saa 13 na nusu za kukaa kwenye benchi, nazo zinatakiwa zipatikane kati ya Ijumaa jioni na Jumapili mchana baada ya kutoa muda wa kulala, kula, kuoga kwa zamu na kusali. Hazitapatikana ila kwa kuwaamsha watu saa 10 alfajiri na kuwaachia saa 6 usiku. Kamati imefikiri kama mtu anayenunua mchele sokoni, kwamba fedha ikishatoka kibaba kijae. Mafungo hayapimwi kwa kibaba. Nilipokuwa mwinjilisti kijana nilihudhuria mafungo ya masomo 11. Daftari langu lilijaa, na leo sikumbuki hata somo moja. Ninachokumbuka ni mzee mmoja aliyenikuta nje ya bweni usiku, nikiwaza kuiacha kazi, akaketi kando yangu akanisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyotaka kuiacha, tena mara 2.

Tazameni Marko 6. Mitume wanarudi kutoka katika kazi waliyotumwa, na aya ya 30 inasema walimweleza Yesu yote waliyoyafanya na kuyafundisha. Yaani wao ndio waliosema, naye akasikiliza. Ndipo inapokuja aya ya 31, ambayo tunapenda kuichapa kwenye fulana na mabango ya mafungo: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Bango huishia hapo, lakini aya yenyewe inaendelea kutaja sababu, kwamba watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata mitume hawakupata nafasi ya kula. Mzee wa kanisa wa kwenu anafanana nao kabisa: Jumatatu ana msiba, Jumatano anasuluhisha mke na mume, siku ya jumuiya anaongoza sala nyumba kwa nyumba, na Jumapili anahesabu sadaka wakati wengine wamekwishafika nyumbani kula, na katikati ya hayo yote ana shamba lake au duka lake. Mtu huyu mkimpokea Ijumaa jioni kwa somo la sheria ya ardhi, atawaitikia kwa adabu huku amelala macho wazi.

Kwa hiyo wekeni masomo 3, na 6 yaliyobaki myahamishie katika vikao vya baraza, moja kila mwezi, dakika 30 kabla ya ajenda. Hakuna kitakachopotea, na bila shaka yatasikilizwa vizuri zaidi huko.

Ijumaa usiku pasiwe na somo lolote. Watu wale, wasali sala ya jioni, kisha wakae katika makundi ya watu 5 au 6 waliochanganywa kutoka mitaa mbalimbali, na kila mmoja aeleze kazi yake ilivyo: nini kimemfurahisha tangu achaguliwe na nini kinamlemea. Asitokee mtu wa kusahihisha wala wa kutoa ufumbuzi usiku huo. Mchungaji naye aketi katika kundi mojawapo kama mwanakundi, aeleze na yake.

Jumamosi asubuhi, somo la kwanza liwe Matendo ya Mitume 20, pale Paulo alipowaita wazee wa kanisa la Efeso wamfuate Mileto. Sijui mahali pengine katika Agano Jipya panapofanana na mafungo ya wazee kuliko hapo. Hotuba yote ni aya 18, kuanzia ya 18 hadi ya 35, na inasomeka kwa sauti kwa dakika chache tu. Ndani yake mna kumbukumbu, machozi, onyo la mbwa-mwitu wakali, fedha, na kuwakabidhi wazee kwa Mungu, kisha wote wanapiga magoti na kuomba. Wasomeeni mara 2, mwacheni kila mmoja achague aya moja inayomgusa yeye, na mzungumze kutokea hapo.

Somo la pili liwe la mikasa, na hili ndilo ningelipa muda mrefu kuliko mengine yote. Andikeni mambo 3 au 4 yanayotokea kweli katika sharika, bila majina na bila dalili za kumtambulisha mtu, myagawe kwa makundi. Kwa mfano: marehemu hakuwahi kutimiza ahadi yake ya sadaka wala kuonekana jumuiyani, familia inaomba mazishi ya kikanisa, na kwaya imegoma kuimba. Au: mhasibu wa mtaa alichukua fedha ya mnada wa baada ya ibada, ule wa ndizi, kuku na mayai waliyoleta waumini, akalipia ada ya mwanawe, na akairudisha yote kabla ya ukaguzi. Ni mwizi? Aondolewe? Aambiwe nani, na lini? Mzee mpya akibishana juu ya jambo hilo na mzee wa miaka 20 katika kazi, wote wawili watajifunza yale ambayo mgeni mwalikwa hawezi kuwafundisha.

Mchana, baada ya chakula, watu walale. Nasema walale, wala sisemi "muda wa tafakari binafsi", kwa sababu ratiba ikiandikwa hivyo kuna mjumbe wa kamati atakayepita bwenini akigonga milango. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19, alilala chini ya mretemu, malaika akamwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baada ya hapo, Horebu, mwendo wa siku 40 mbele.

Somo la tatu, jioni watakapokuwa wameamka na kunywa chai, liwe la fedha, na liwe la vitendo: nani anahesabu sadaka, wangapi, wapi wanatia saini, fedha inakaa siku ngapi kabla ya kufika benki. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, sadaka ya simu imekuwa jambo la kawaida, na nimewahi kuona mahali ambapo namba iliyobandikwa ukutani mwa kanisa ni ya mtunza hazina mwenyewe. Huenda ni mwaminifu kuliko sisi sote, lakini siku akifa, au simu ikiibwa, usharika utaanza kugombana na wajane. Wazee watoke mafungoni wakiwa wamekubaliana kufungua Lipa Namba, yaani namba ya kupokea malipo ya simu, yenye jina la usharika.

Neno moja kuhusu mgeni mtakayemwalika. Yethro, katika Kutoka 18, alikula kwanza pamoja na Haruni na wazee wote wa Israeli, kisha siku ya pili akamtazama Musa akiamua watu tangu asubuhi hata jioni, na baada ya hayo ndipo alipomwambia kwamba jambo alifanyalo si jema, kwa kuwa atadhoofika yeye na watu wake. Mwalikeni mtu atakayefika Ijumaa, ale nanyi, asikilize makundi, ndipo afundishe Jumamosi. Yule anayeshuka kwenye gari dakika 10 kabla ya somo lake na kuondoka dakika 10 baada ya kulimaliza hata akiwa na shahada 3 mwacheni aendelee na shughuli zake. Simu pia zitawasumbua. Makutano wa Marko 6 walikimbia kwa miguu wakafika kabla ya mitume, na wa siku hizi hufika kwa simu. Kubalianeni muda wa kuziwasha, wa urefu wa saa moja mchana na mwingine wa urefu huohuo usiku.

Swali: Mchungaji, salaam. Tuna shilingi 900,000 kwa watu 30. Hoteli tuliyoiendea mjini inataka fedha yote hiyo kwa usiku mmoja. Juu ya hayo, baadhi ya viongozi wanauliza posho, wakisema hata semina za serikali na za mashirika hutoa posho. Nifanyeje? *(Mtunza hazina wa ushirika wa Moravian, Mbeya)*

Jibu: Hotelini msiende. Mnahitaji mabweni, jiko, ukumbi na kivuli cha miti, na vitu hivyo vipo katika vyuo vya Biblia na katika shule za bweni wakati wa likizo za Juni na Desemba. Mkikubaliana na shule mapema, mtalipia maji, umeme na mlinzi, na wapishi mtakuja nao. Chakula kisinunuliwe chote: ombeni kila kikundi cha waumini kilete kitu, hiki mchele, kile maharage, kingine mbuzi. Mbali na kuokoa fedha, waumini wanaolisha mafungo huyafahamu na kuyaombea.

Kuhusu posho, jibu langu ni nauli ndiyo, posho hapana. Semina ya shirika inamlipa mtu kwa kuacha kazi ya mwajiri wake na kwenda kushughulikia mradi wa shirika, lakini hawa wanakwenda kushughulikiwa wao wenyewe. Paulo, katika hotuba ileile ya Mileto, aliwakumbusha wazee kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono yake mwenyewe ilitumika kwa mahitaji yake na ya wenzake. Mkianza kutoa posho mwaka huu, mwakani watakuja watu wa posho.

Hata hivyo, msilifanye jambo hili kuwa kali kupita kiasi. Miongoni mwa hao 30 yupo anayeendesha bodaboda ya mtu na anayetakiwa kupeleka hesabu kila jioni, na yupo mama anayeuza mboga ambaye Jumamosi ndiyo siku yake ya kupata. Kwao siku 2 za mafungo ni siku 2 za njaa nyumbani. Wewe na mchungaji wenu mnawafahamu. Wasaidieni kabla ya safari, kimyakimya, kutoka katika mfuko wa diakonia, yaani wa kusaidia wahitaji, bila karatasi ya kusaini mbele za watu.

Swali: Mchungaji, bwana Yesu asifiwe sana. Katika kanisa letu wazee wa kike tuko 7, na kila mwaka huenda mafungoni 2 au 3 tu. Wengine wananyonyesha, wengine waume zao hawapendi walale nje. Mwenyekiti amependekeza akina mama waje mchana na kurudi jioni. Je, hilo ni sawa? *(Mama, mzee wa kanisa, Nakuru)*

Jibu: Amina, Mama. Pendekezo hilo lina nia njema, lakini matokeo yake ni kwamba mazungumzo ya usiku, ambayo ndiyo nusu ya mafungo, yatabaki ya wanaume, na maamuzi mengi ya mwaka mzima yatakuwa yamekwisha kuzungumzwa akina mama wakiwa njiani kurudi nyumbani. Afadhali kamati itatue vizuizi kimoja kimoja. Anayenyonyesha aje na mtoto pamoja na msichana wa kumbeba, na gharama ya msichana huyo iwe kwenye bajeti, isiwe hisani. Kwa upande wa waume, mchungaji na mkewe wawatembelee nyumbani wiki kadhaa kabla, waeleze ni wapi, nani atakuwepo, mabweni yametenganishwa vipi. Mume anayeletewa taarifa na mtoto kwamba mama amesafiri na watu wa kanisa ana haki ya kununa, na wengi wao hawana neno wakiheshimiwa kwa kuambiwa mapema.

Mwenyekiti wenu akiona ni usumbufu mkubwa, mwambieni asome Matendo 18:26, mahali Prisila na Akila walipomchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mafunzo hayo ya kiongozi yalifanywa na mke na mume kwa pamoja, na katika nakala za kale zaidi za kitabu hicho jina la mke limetangulia.

Swali: Nani aongoze ibada ya Jumapili nyumbani ikiwa mchungaji, wainjilisti na wazee wote wapo mafungoni? *(Kiongozi wa vijana, Morogoro)*

Jibu: Wewe. Chagueni Jumapili isiyo na Chakula cha Bwana wala ubatizo, isiwe ya mavuno, na mchungaji akae nanyi mapema kuandaa liturujia na mahubiri. Mwinjilisti mstaafu wa jirani aketi mbele pamoja nanyi, ikiwa waumini watakuwa na wasiwasi.

Swali: Mchungaji, tumsifu Yesu Kristo. Katika mafungo yaliyopita kiongozi mwenzetu alisimama akaungama mbele ya wote kwamba ana tatizo la pombe. Tulimwombea, tukalia naye. Wiki haikuisha, habari ilikuwa kwenye kwaya, na sasa ameacha kuja kanisani. Wazee wengine wanasema tusirudie tena mambo ya kuungama. Unasemaje? *(Mwinjilisti, Kagera)*

Jibu: Milele amina. Barua yako imenihuzunisha kuliko zote. Unaandika kutoka katika eneo lenye historia ndefu ya jambo hili. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ukapata nguvu katika mkutano wa Kabale mwaka 1935 na kuenea Uganda, Buhaya huko kwenu na Kenya, uliwafundisha watu wetu kutembea nuruni, yaani kutoficha dhambi mbele ya ndugu, na ulituachia viongozi ambao unyofu wao hatujaupata tena. Sitaki kuona urithi huo ukitupwa kwa sababu ya midomo ya watu wachache. Lakini ndugu wa uamsho walikutana kila wiki na walifahamiana hadi jikoni, ilhali watu wa mafungo yenu walikutana Ijumaa, wengine kwa mara ya kwanza. Kumwachia mtu avuliwe nguo mbele ya kundi la namna hiyo ni kumponza.

Kwa hiyo fanyeni tofauti. Katika kikao cha wote watu washuhudie na kushukuru. Katika kundi dogo waeleze mizigo, na mwenye kuongoza kundi aseme waziwazi mwanzoni kwamba yanayosemwa hapo yanabaki hapo, na kila mmoja aitikie kwa mdomo wake. Maungamo ya dhambi yawe na mtu mmoja, mchungaji au mwingine aliyechaguliwa kwa sababu anajulikana kuwa hasemi. Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo wengi wetu tuliikariri tukijiandaa kwa kipaimara, ina sehemu nzima ya maungamo, na mimi nashangaa tunavyoifundisha kwa watoto na kuisahau kwa wazee. Mtu akianza kuungama jambo zito mbele ya wote, mwenye kuongoza amwendee kwa upole, amshike mkono, amwambie, "Ndugu yangu, haya tutayaendeleza wewe na mimi."

Kuhusu huyo aliyeacha kuja: anayetakiwa kwenda kwake kwanza si mwinjilisti bali ni yule aliyeitoa habari, kama mnamfahamu, naye aende kuomba radhi na si kueleza. Wewe nenda siku nyingine, peke yako, bila Biblia mkononi siku ya kwanza, ukanywe naye chai. Pombe ikiwa imemshika kweli, atahitaji msaada wa hospitali pamoja na maombi, na mtu wa kumsindikiza.

Swali: Mafungo yetu ya mwaka jana yalikuwa mazuri sana, watu walifarijika na kukumbatiana, lakini miezi 2 baadaye baraza lilirudi kwenye magomvi yaleyale. Je, tunapoteza fedha? *(Mchungaji, Arusha)*

Jibu: Mchungaji mwenzangu, kufarijika kwa siku 3 si hasara hata kama magomvi yamerudi, mtu aliyelala usiku mmoja hatuoni amepoteza kitu kwa sababu kesho amechoka tena. Lakini ninakubali kwamba kuna kitu kilikosekana, na nadhani ni ziara.

Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba viongozi wa makanisa ya vijijini hawawezi kuacha mashamba na familia ili waje chuoni, ikageuza utaratibu: vitabu vikawafuata nyumbani, na mwalimu akawa anasafiri kukutana nao kwa ratiba maalumu. Njia hiyo imeenea duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, na kilichoifanikisha, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanafunzi alijua siku ambayo mwalimu atafika kwake. Wazee wako waliondoka mafungoni bila kujua ni lini mtu atawauliza tena, na kwa sababu hiyo wakarudi katika baraza lenye ajenda 14 na kinanda kibovu, ambako kila mtu ana sababu ya kukasirika.

Mwaka huu, Jumapili mchana kabla gari halijaondoka, chukua kalenda, kaa mlangoni, na kila mzee anapotoka akupe siku moja katika miezi 3 ijayo ambayo utakwenda nyumbani kwake au shambani kwake. Kama wazee ni wengi kuliko siku zako, gawana ziara hizo na wainjilisti, lakini wale 2 wanaogombana zaidi katika baraza uwaweke kwenye orodha yako mwenyewe, na uanze na yule usiyempenda.